Uzito Unaoletwa na Dawa: Tuusikilize Kabla ya Kuupongeza

Katika mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria, kukonda hakukuwa jambo la mwili peke yake. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla wataalamu hawajaueleza vyema ugonjwa huo, wananchi walikwisha kuupa jina la Juliana, lililokuwa jina la mavazi yaliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, uliitwa Slim, kwa maana ya wembamba, na mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala iliyobeba jina hilohilo la mtaani. Kwa walioshuhudia siku zile, mwili uliopungua ulikuwa habari mbaya iliyofika kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Aliyekonda kwa malaria alishukiwa. Aliyekonda kwa kukosa chakula alishukiwa. Hata aliyekuwa mwembamba tangu utoto alijikuta akijieleza.

Kwa hiyo, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, mizani ya kliniki ilipata heshima isiyokuwa nayo hapo awali. Kila kilo iliyorudi ilikuwa ushahidi kwamba mtu anapona. Muuguzi alisoma namba kwa sauti, na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa akashusha pumzi. Utafiti nao ulielekea hukohuko. Kati ya mwaka 2011 na 2013, watafiti wa Mwanza na wenzao wa Lusaka, Zambia, waliwaandikisha wagonjwa 1,815 waliokuwa wamekonda mno katika utafiti ulioitwa NUSTART, ili kuona kama lishe ya nyongeza yenye vitamini na madini mengi ingepunguza vifo vya wanaoanza dawa. Swali la wakati ule lilikuwa namna ya kumrudishia mtu nyama mwilini.

Nataja historia hii kwa sababu bado imo ndani ya vyumba vyetu vya kliniki. Leo mgonjwa anayelalamika kwamba dawa zinamnenepesha anazungumza na watu waliolelewa kitaaluma kufurahia kila kilo inayoongezeka. Mazungumzo yao aghalabu huwa mafupi sana.

"Shikamoo daktari. Hizi dawa zinaninenepesha."

"Marahaba. Mama, si umshukuru Mungu? Umenawiri!"

Mama hutabasamu kwa adabu, hupokea vidonge vya miezi mitatu au sita, kisha huteremka kilima kwenda kupanda daladala. Amejibiwa, lakini hakusikilizwa. Baadhi ya wanaojibiwa hivyo huanza kumeza siku moja na kuruka nyingine, wakiamini kwamba nusu ya dawa itawapa nusu ya unene. Wengine huacha kabisa na hawamwambii mtu. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya makala haya: uzito unaoletwa na dawa ni dalili ya kitabibu inayostahili kuulizwa, kupimwa na kuandikwa kama tunavyoandika kikohozi au homa.

Kidonge kimoja kwa siku

Tuanze na dawa inayowagusa watu wengi zaidi katika ukanda huu. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia watu wanaoishi na VVU kwenye kidonge kinachofahamika kwa kifupi kama TLD, chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakitumia kidonge chenye efavirenzi, dawa iliyowaletea baadhi yao ndoto za kutisha na kizunguzungu. Mabadiliko hayo yalikuwa ya heri. Dolutegravia huvifubaza virusi upesi, virusi huwa na shida kubwa kujenga usugu dhidi yake, na wengi huivumilia vizuri.

Mwaka huohuo wa 2019, hata hivyo, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, kwa watu 1,053 waliokuwa wakianza dawa. Baada ya wiki 48, waliopewa dolutegravia pamoja na aina ya tenofovia iliyomo katika TLD yetu waliongezeka wastani wa kilo 3.2. Waliopewa efavirenzi waliongezeka kilo 1.7. Lilikuwepo kundi la tatu, lililopewa dolutegravia pamoja na aina mpya ya tenofovia, ambalo liliongezeka kilo 6.4. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume.

Namba hizi zahitaji kusomwa kwa utulivu. Wastani wa kilo tatu huficha watu wawili walio mbalimbali sana: mmoja ambaye hakuongezeka hata kidogo, na mwingine aliyeongezeka kilo kumi na mbili. Huyo wa pili ndiye anayeketi mbele yetu akilalamika, na wastani haumsaidii.

Sehemu ya ongezeko hilo ni kurudi kwa afya. Mtu aliyeanza dawa akiwa na kinga ya chini sana, amekonda na anaharisha, mwili wake hutumia nguvu nyingi kupambana na virusi. Virusi vikinyamazishwa, hamu ya chakula hurudi, matumbo hufyonza chakula vyema, na kilo hurejea. Huko kweli ni kunawiri. Sehemu nyingine inatokana na dawa iliyoachwa. Imeonekana kwamba efavirenzi, hasa kwa watu ambao maini yao huivunja polepole kwa sababu ya maumbile ya kurithi, huzuia uzito usipande. Mtu akihamishwa kutoka kwenye dawa hiyo, ni kama breki imeachiwa. Kama dolutegravia yenyewe huongeza kitu juu ya hayo, na kwa njia ipi, wataalamu bado wanajadiliana.

Kwa mgonjwa, tofauti iliyo muhimu ni moja: je, kilo hizi zinamrudisha alikokuwa kabla ya kuugua, au zimempitisha hapo? Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa sentimita 158. Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 58. Uwiano wa uzito na urefu wake, ambao hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ulikuwa takriban 23, nao uko ndani ya mipaka ya afya. Aliugua akashuka hadi kilo 49. Alipoanza dawa akarudi 58, na kliniki nzima ikafurahi, kwa haki kabisa. Lakini mizani haikusimama. Miaka miwili baadaye ana kilo 71, na uwiano wake umefika 28. Zile kilo tisa za kwanza zilikuwa uponyaji. Kilo kumi na tatu zilizofuata ni jambo jingine, na anayezipongeza zote kwa pamoja hajasoma kadi.

Wala tusidhani kwamba dawa peke yake ndiyo inayonenepesha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2015-16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2022 uliwakuta 36. Wengi wa wanawake hao hawamezi dawa yoyote. Maisha ya mjini yamebadilika: safari fupi ni ya bodaboda, mafuta ya kupikia yanapatikana kila duka, na soda imekuwa kinywaji cha mgeni na cha mwenyeji. Dawa huangukia juu ya mazingira hayo, kama cheche kwenye nyasi kavu.

Uzito huu una gharama zake. Mwaka 2020 madaktari wa Kampala waliandika kuhusu wagonjwa ambao sukari yao ya damu ilipanda ghafla baada ya kuanza dolutegravia. Si jambo linalompata kila mtu, lakini ni onyo la kutosha kwa sisi tulio upande wa kusini wa ziwa hilohilo. Mgonjwa wa TLD anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokatika, au ambaye baada ya kunenepa ameanza kukonda tena kwa haraka, apimwe sukari siku hiyohiyo. Tena asidhaniwe kwanza kwamba ameacha dawa. Na akihitaji metformini, watoa huduma wakumbuke kwamba dolutegravia huongeza kiwango cha metformini katika damu; kwa kawaida dozi yake kwa siku haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 zinapotumika pamoja.

Akili inapotulia na mwili kupanuka

Nimeanza na VVU kwa sababu ya wingi wa wanaohusika, lakini dawa zinazoongeza uzito kwa kasi kubwa zaidi ziko katika kliniki ya afya ya akili. Olanzapini ndiyo inayoongoza. Klopromazini, dawa ya siku nyingi na inayopatikana kwa wingi, nayo imo. Risperidoni huongeza kiasi, na haloperidoli huongeza kidogo zaidi ya hapo chini. Valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa mabadiliko makali ya hisia, pia huongeza, na miongoni mwa dawa za sonona amitriptilini huongeza kuliko fluoksetini.

Hapa njia ya kunenepa inajulikana vizuri zaidi. Dawa hizi hugusa sehemu za ubongo zinazotoa taarifa ya shibe. Mgonjwa anakula na hashibi. Familia humwona akimaliza sahani, akiomba nyingine, akiamka usiku kutafuta kiporo, nayo husema amekuwa mlafi. Hakuna ulafi hapo. Ubongo wake unamwambia kwa dhati kwamba ana njaa, naye anautii. Ningependa kila mama anayemuuguza kijana wake nyumbani alifahamu hilo kabla hajamkaripia, kwa sababu kijana anayeaibishwa mezani ndiye anayezitupa dawa chooni, na mwezi mmoja baadaye sauti alizokuwa akizisikia hurudi.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mgonjwa anayeongeza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi wa kwanza wa dawa za namna hii huenda akaendelea kuongezeka sana, na haifai kungoja mwaka upite ndipo hatua zichukuliwe. Aliyeanza na kilo 60 akifika 63 katika wiki nne, ni wakati wa kuzungumza. Daktari anaweza kufikiria dawa nyingine yenye athari ndogo kwa uzito iwapo ugonjwa unaruhusu, au kuongeza metformini, ambayo imeonyesha kupunguza ongezeko hilo kwa kiasi. Nyumbani, msaada ulio rahisi ni kumwekea karibu vyakula vinavyojaza tumbo bila kuleta mafuta mengi: matembele, mlenda, maharage, matango, maji. Ukimnyima chakula kabisa atakitafuta kwa jirani.

Predinisoloni, insulini na nyinginezo

Predinisoloni hutumika kwa pumu kali, kwa magonjwa ya kinga kuushambulia mwili, na kwa baadhi ya magonjwa ya figo. Huongeza hamu ya kula, hubakisha chumvi na maji mwilini, na huyahamisha mafuta kutoka miguuni na mikononi kuyapeleka usoni, shingoni na tumboni. Uso huwa wa mviringo. Kwa wakazi wa ziwani kuna jambo dogo la kuongeza: kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, ni kitoweo kitamu, lakini kwa mwenye kumeza predinisoloni ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Afadhali dagaa waliokaushwa juani, waoshwe vizuri, wapikwe kwa nyanya na kitunguu.

Dawa hii ina sharti ambalo halina mjadala. Aliyeimeza kwa zaidi ya wiki tatu asiiache kwa ghafla, hata akijiona kwenye kioo na kujichukia. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimesimamisha kazi yao kwa kuitegemea. Ikikatwa ghafla, mtu anaweza kulegea, kutapika, shinikizo la damu kushuka na hata kupoteza maisha. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa ratiba ya daktari. Sura hurudi taratibu dozi inaposhuka, na wagonjwa wanapaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Kwa wenye kisukari, insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamidi huongeza uzito kwa sababu sukari iliyokuwa ikipotea kwenye mkojo sasa inabaki mwilini. Hilo latarajiwa. Lakini nikimwona mgonjwa wa insulini anayenenepa haraka, huuliza kwanza kama anatetemeka au kutoka jasho saa fulani za siku. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na kila anapotetemeka hunywa soda. Chupa moja ya soda ya kawaida ina sukari ya takriban gramu 35. Mtu huyo hana tatizo la nidhamu. Yamkini dozi yake ni kubwa mno, na ikirekebishwa, soda itakoma yenyewe.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na wakati mwingine kidonge cha VVU hulaumiwa kwa kazi ya sindano. Dawa za shinikizo la damu kama atenololi na propranololi huongeza kidogo tu.

Kabla hatujaita unene

Kuna kuvimba ambako si mafuta, na katika kanda yetu ni lazima kukumbukwe. Mtu aliyeongezeka kilo mbili au tatu ndani ya siku chache, miguu ikiacha shimo ikibonyezwa, anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, amejaa maji. Moyo au figo zake zinahitaji uchunguzi wa haraka. Vilevile tumbo linalokua peke yake huku mikono na mashavu yakikonda halifai kuitwa kitambi, hasa kwa mvuvi au mkazi wa visiwani. Kichocho cha tumbo kimeenea katika jamii za kando ya ziwa, na kikikaa miaka mingi huharibu mishipa ya ini hadi tumbo kujaa maji, na baadhi ya wagonjwa hutapika damu. Nimewaona watu wa namna hii wakisifiwa kwamba mambo yao yamewanyookea.

Mimba nayo isisahaulike. Wala mtu asione haya kuulizwa.

Mizani, futi kamba na sahani

Kwa mtoa huduma, kazi yenyewe haihitaji mashine. Andika uzito siku dawa inapoanza, na urefu mara moja. Pima tena kila hudhurio, kisha tazama nyuma kwenye kadi badala ya kuandika namba mpya na kufunga faili. Futi kamba ya fundi cherehani yatosha kupima mzingo wa kiuno; ukivuka sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huanza kupanda. Pima shinikizo la damu. Pima sukari inapowezekana.

Kisha uliza. Swali ninalolipenda ni la nguo: "Gauni ulilolishona sikukuu iliyopita bado linakuingia?" Mtu atakayekataa kusema amenenepa atakubali kusema kwamba gauni limembana. Swali la pili ni gumu zaidi, na liulizwe bila ukali: "Wengi wanaoongezeka hivi huwa wanaruka dawa siku nyingine. Wewe je?" Likiulizwa kwa namna hiyo, ukweli una mlango wa kutokea.

Kuhusu kubadilisha dawa ya VVU, niseme wazi. Uzoefu wa tafiti zilizopo ni kwamba kumwondoa mtu kwenye dolutegravia kwa ajili ya uzito pekee kwa kawaida hakumpunguzii sana, na kunaweza kumpeleka kwenye dawa zenye vidonge vingi zaidi na maudhi mengine. Wapo wachache wanaostahili kubadilishiwa, na uamuzi huo ni wa daktari na mgonjwa wakiwa na kipimo cha wingi wa virusi mkononi. Zile sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa duniani kote, bei yake bado iko mbali na mfuko wa mchuuzi wa Mwaloni.

Tunabaki na sahani na miguu. Ushauri wa "kula mlo kamili na ufanye mazoezi" umesemwa mara nyingi hadi hausikiki tena, nami sishangai. Mama anayenunua dagaa alfajiri pale Mwaloni, Kirumba, na kuwauza Igoma hadi jioni, amekwisha kufanya mazoezi kuliko daktari wake. Kumwambia akimbie ni kumdhihaki. Kwake yafaa kuangalia kinachoingia kinywani kati ya alfajiri na jioni: chai yenye vijiko vinne vya sukari, maandazi matatu, soda ya saa sita kwa sababu maji ya chupa yanauzwa karibu bei ileile, kisha ugali mkubwa usiku kwa sababu ndio mlo wa kwanza wa kukaa chini. Akila ugali mchana hata kidogo, na dagaa wale wale anaowauza, usiku hatakuwa na njaa ya siku nzima. Akibeba maji kutoka nyumbani, ameondoa gramu 35 za sukari bila kutoa senti.

Mafuta ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120, na sato aliyekaangwa akaelea katika mafuta hunyonya zaidi ya kijiko kimoja. Sato yuleyule akichemshwa kwa ndimu na pilipili, au akichomwa, ni chakula bora kabisa. Ugali wa udaga na ule wa sembe hautofautiani sana kwa unene. Kinachohesabika ni ukubwa wa tonge na wingi wa mboga pembeni. Anayeweza kupata dona na ailie, kwani hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Michembe na viazi vitamu si adui, mradi visiwe juu ya ugali bali mahali pake.

Kwa mfanyakazi wa ofisini mambo ni tofauti. Huyo ndiye wa kuambiwa atembee, dakika 150 kwa wiki, na vilima vya Mwanza vitamlipa mara mbili ya ardhi tambarare.

Lengo nalo liwe la kibinadamu. Yule mama wa kilo 71 hana haja ya kurudi 58 ndiyo ahesabiwe amefaulu. Akipunguza asilimia 5, yaani kilo tatu na nusu hivi, shinikizo la damu na sukari yake vitakuwa vimeanza kunufaika. Hata kusimama bila kuongezeka tena kwa mwaka mzima ni mafanikio, na kuandikwe kwenye kadi kama mafanikio.

Jihadharini na chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitaani. Vingi kazi yake ni kuharisha, na anayeharisha kila siku hupoteza maji na chumvi, si mafuta. Zaidi ya hayo, dawa alizomeza asubuhi huenda zikapita bila kufyonzwa ipasavyo.

Aliyekwisha kuacha

Kama umeacha dawa kwa sababu ya uzito, rudi, hata kama ni miezi mingi imepita. Sema sababu yenyewe, usiseme ulisafiri. Mtoa huduma atakayejua sababu atapanga vipimo vinavyofaa, ataangalia wingi wa virusi baada ya kuanza tena, na atakuwekea kumbukumbu ya uzito tangu siku hiyo. Watoa huduma nao wampokee mtu huyo bila kumgombeza mbele ya wenzake kwenye benchi, maana benchi lote linasikia, na miongoni mwao wapo wanaoruka dawa.

Lipo jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawajaambiwa. Tenofovia na lamivudini zilizomo ndani ya TLD huvidhibiti pia virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye virusi hivyo, na wengine hawajui kuwa wanavyo, akikatiza kidonge ghafla, ini lake linaweza kuvimba upya kwa ukali hata kabla kinga haijashuka. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, au maumivu yakashika chini ya mbavu za kulia, aende hospitali siku hiyo bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.